Kenge na bata pori: yai moja geuza, jingine usiliguse

Kumlinganisha kenge wa majini na bata pori mwenye uso mweupe, yule anayepita juu ya mabwawa usiku akipiga mluzi, watu huanzia magamba na manyoya. Mimi ningeanzia kwenye yai.

Bata hutaga majanini, kwa kawaida mayai 8 hadi 12. Dume na jike hupokezana kuatamia karibu wiki nne, na joto lote linatoka miilini mwao. Kenge hana joto la kugawa. Mvua zikishalainisha udongo, jike hufukua kichuguu chenye mchwa hai, hutaga mayai 20 hadi 60 na kwenda zake. Mchwa wenyewe huziba tundu. Ndani hukaa karibu nyuzi 30 usiku na mchana, hivyo mlezi hasa ni mchwa. Mayai hukaa humo miezi mingi, mara nyingi zaidi ya sita, hadi mvua nyingine ilainishe ukuta. Isiponyesha, kichuguu ni saruji tupu kwa kitoto cha kenge.

Mwenye kibali cha kutotolesha huharibu hapa, kwa kuyatendea mayai yote kama ya kuku. Kiini cha yai la bata kimeshikwa na kamba mbili za ute. Usipoligeuza, kijusi hunata kwenye utando na kufa. Ligeuze mara 3 au 5 kwa siku, mashine ya kutotolesha ikiwa nyuzi 37.5. La kenge halina kamba hizo. Kijusi hujishikiza juu, kwenye utando wa ganda, mapema baada ya kutagwa, na ukiligeuza unakizamisha. Weka alama ya penseli juu kabla hujaliinua, kisha liache vilevile, nyuzi 28 hadi 31.

Maji nayo ni kinyume. Yai la bata hupoteza maji: la gramu 40 linapaswa kubaki na kama 35 siku za mwisho. Likibaki zito, unyevu wa mashine umezidi na kifaranga atazama humohumo. La kenge, lenye ganda laini kama ngozi, hunyonya maji na kuvimba. Likibonyea mapema, panapolizunguka pamekauka. Nyunyiza pembeni, si juu ya yai. Likibonyea kidogo siku za mwisho, liache, linakaribia kupasuka.