Haijaisha, Imefika Kwenye Mbao

"Hii pafyumu haikai. Saa moja tu imeisha. Umeniuzia feki." Kauli hii naisikia dukani kila mara, na karibu kila mara inahusu manukato ya aina moja: yale yanayoanza na limau au bergamoti (tunda la jamii ya limau), yakapita kwenye lavenda au rosemari, kisha yakatua kwenye mbao. Ni aina ninayoipenda kuliko zote, nayo ndiyo inayohukumiwa vibaya kuliko zote.

Kilichoisha ni limau, si manukato. Mafuta ya maganda ya chungwa na limau kwa sehemu kubwa ni limonini, molekuli nyepesi isiyovumilia joto la ngozi. Ndani ya robo saa hadi nusu saa, nyingi imeshapaa. Hakuna fundi wa manukato, hata wa kule Grasse, mji wa manukato wa Ufaransa, anayeweza kuizuia hapo siku nzima. Anachofanya ni kuipangia wa kuipokea: rosemari na mrehani kwa saa moja au mbili, kisha mwerezi, msandali na vetiva (mizizi ya nyasi yenye harufu ya mbao), ambazo molekuli zake ni nzito na hubaki hadi jioni.

Na harufu hiyo ya mwisho si ngeni kwetu. Chonga penseli, au simama karibu na nguzo ya mtarakwa iliyokatwa leo kule Nyandarua. Mtarakwa wetu, Juniperus procera, ni wa ukoo mmoja na Juniperus virginiana wa Marekani, mti unaotoa mafuta yanayouzwa kwa jina la mwerezi wa Virginia. Anayeniambia hasikii kitu baada ya saa moja huwa bado anatafuta limau, wakati mbao ziko pale pale mkononi mwake.

Halafu kuna pua yenyewe. Ubongo huacha kuijali harufu isiyobadilika, ndiyo sababu hujui nyumba yako inanukaje mpaka usafiri urudi. Manukato ya mbao ya siku hizi yana pia viungo vya maabara kama Iso E Super, ambavyo watu wengine hawavisikii kabisa na wengine huvisikia kwa vipindi. Wewe husikii, lakini mwenzako kwenye lifti anasikia vizuri sana. Matokeo yake mtu anajipulizia upya mara saba, kisha anapanda matatu ya Rongai mvua inanyesha, madirisha yote yamefungwa. Tafadhali, msifanye hivyo. Kuna abiria wenye pumu humo ndani.

Basi yapimeni hivi. Pulizia mara moja tu, upande wa ndani wa mkono, manukato aina moja kwa mkono mmoja. Ondoka dukani. Shuka Biashara Street, kaa bustani ya Jeevanjee, nenda kazini. Nusa baada ya robo saa, baada ya saa mbili, na baada ya saa tano. Ile ya saa tano usiiamini pua yako peke yake, muulize mtu aliyetoka kuingia kutoka nje. Ukiipenda harufu ya saa tano, nunua, kwa sababu hiyo ndiyo utakayokaa nayo muda mrefu. Anayenunua kwa dakika mbili za kwanza analipia limau tu. Kile kikaratasi cha kunusia kinasaidia kuchuja, lakini hakina joto la mwili. Kumbukeni pia kwamba Julai ya Nairobi ni ya sweta: manukato yaliyofunguka taratibu hapa, ukifika nayo Mombasa limau litaondoka mbio.

Ngozi kavu hula manukato. Jipake kwanza mafuta yasiyo na harufu, mara tu baada ya kuoga, kisha pulizia mara mbili kwenye ngozi na mara moja kwenye nguo, ndani ya koti au shali. Kitambaa hakina joto la ngozi, kwa hiyo hata limau hukawia kidogo. Nguo nyeupe jaribu kwanza pembeni, isije ikaingia doa.

"Hii ni ya kiume." Kolonya ya Farina, ya mji wa Köln tangu 1709, ilijengwa juu ya matunda haya haya ya jamii ya limau, na wanaume kwa wanawake wameipaka kwa vizazi. CK One, manukato ya Calvin Klein, ilipotoka 1994 iliuzwa wazi kwa wote. Pwani yetu, bwana na bibi hufukiza nguo kwa udi ule ule. Chagua unachopenda.

Kusugua viganja hakuvunji molekuli yoyote. Kunaongeza joto tu, na limau linaondoka mapema zaidi. Acha ikauke yenyewe. Buni za kahawa za "kusafisha pua" hazisafishi chochote, zinakuongezea harufu nyingine. Toka mlangoni uvute hewa.

Chupa kwenye dashibodi ya gari au dirisha la bafu, hapana. Limonini ikikutana na hewa, joto na mwanga huoksidika: mwanzo unanuka tapentaini, na ngozi nyingine huwashwa. Kabati lenye giza linatosha.

"Ya maabara ni bandia." Msandali wetu wa Kenya, Osyris lanceolata, uling'olewa na mizizi kwa ajili ya mafuta hadi serikali ikapiga marufuku uvunaji wake 2007, na 2013 ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mimi nashukuru msandali wa maabara upo. Na "asilia" si lazima iwe salama: mafuta ghafi ya bergamoti yana bergapteni, inayofanya jua liunguze ngozi. Watengenezaji makini huiondoa. Anayejichanganyia nyumbani mara nyingi hajui kama imo.

Feki zipo kweli mjini, na zinajua kuiga mwanzo, kwa sababu limonini ni rahisi na mnunuzi huamua haraka. Nyingi nilizonusa zina limau zuri, kisha chini yake hakuna mbao, ni utamu mmoja usiobadilika. Ukishuku, linganisha namba iliyo chini ya chupa na ile ya kwenye boksi, kisha ipe saa tano.