Kioo cheusi peke yake hakipozi nyumba

Ukitaka kubadilisha madirisha Dar es Salaam, hukosi wa kukwambia: weka kioo cha tinti, nyumba itapoa. Mwingine ataongeza kwamba dirisha la vioo viwili vilivyopangwa pamoja ni la Ulaya, kwenye theluji. Kauli zote mbili zina kasoro.

Tinti nyeusi hupunguza zaidi mwanga. Joto jingi la jua hunaswa na kioo chenyewe. Kiguse saa tisa alasiri utaelewa. Baadaye joto hilo hugawanyika, jingine nje, jingine sebuleni kwako.

Vioo viwili vyenye hewa katikati huchelewesha joto la nje kupenya, lakini vikiwa vyeupe vya kawaida bado hupitisha takriban asilimia 70 ya joto la jua. Kinachobadilisha mambo ni utando wa metali unaopakwa kwenye kioo, mwembamba hata hauonekani, unaorudisha miale ya joto. Ulio mzuri hushusha kiwango hicho hadi chini ya asilimia 30. Ulizia utando, si weusi.

Ila hesabu hii ni ya chumba chenye kiyoyozi. Kama unaacha madirisha wazi ukitegemea upepo wa bahari, usijisumbue na vioo viwili. Hela hiyo jengea kibaraza upande wa magharibi.