Ukiota kwa Kiingereza, je, Kisukuma kimekutoka?

Wengi tumekua tukiamini kwamba lugha unayoota ndiyo iliyokukaa moyoni: ukianza kuota kwa Kiingereza basi umekimaliza, na lugha ya nyumbani imeanza kukutoka. Wazo lenyewe lina mantiki yake, maana ndoto haiombi ruhusa.

Ila ndoto hufuata zaidi watu, mahali na shughuli za siku zilizopita. Mtu anayeongea Kisukuma na bibi yake, Kiswahili sokoni na Kiingereza kazini, akimwota bibi mara nyingi atamsikia kwa Kisukuma; akiota kikao cha ofisini, lugha inageuka. Hata mwanafunzi wa wiki chache anaweza kujiota anatiririka Kifaransa kama maji. Usingizini, sehemu za ubongo zinazopima na kukosoa huwa zimepoa, kwa hiyo ufasaha ule hauna msahihishaji. (Asubuhi mwombe arudie sentensi moja tu.)

Na kama umesikia kwamba zile ndoto ambazo mtu anajua kabisa kwamba anaota ni za wenye lugha nyingi tu, nazo hazidai lugha nyingi. Mwenye lugha moja huzipata pia.

Unaweza kujipima. Weka daftari kando ya kitanda, na ukiamka, kabla hujashika simu, andika nani alisema nini, kwa lugha gani, na jana yake ulishinda na akina nani. Endelea mwezi mzima. Baadhi ya ndoto utakuta hazina lugha yoyote: ulielewa tu, bila neno kutamkwa.