Udogo wa chombo si upungufu: dhana potofu kuhusu ngalawa, dau na mashua

Kuanzia Lamu hadi Mtwara, mtu akisema anataka chombo chake cha kwanza, ushauri atakaopewa ni ule ule: subiri, jikusanye, ununue kikubwa. Wanaousema wana nia njema, na baadhi yao ni mabaharia. Lakini mengi yanayosemwa kuhusu vyombo vidogo hayasimami ukiyapima majini, na inauma kuona kijana akiiacha ngalawa ya babu yake ioze pwani kwa sababu ya maneno hayo.

"Chombo kikubwa ndicho salama"

Tuanze na hii, maana ndiyo yenye mizizi mirefu. Haikukosa ukweli kabisa. Chombo kirefu hulipanda wimbi ambalo lingekifunika kifupi, na upepo wa kusi ukichafuka, mkondo wa Pemba si mahali pa mtumbwi. Hilo halina ubishi. Kosa linaanza pale mtu anapodhani kwamba ukubwa wenyewe ndio usalama, na kwamba akishapanda meli hana tena la kuangalia.

Kinachokisimamisha chombo wima ni mahali uzito ulipokaa, pamoja na upana wake majini. Uzito ukiwa chini, chombo kikilala hurudi. Ukipandishwa juu, kikilala huendelea kulala. Ndiyo maana majahazi hutiwa farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo, tumboni. Mwaka 1628 meli ya kivita ya Uswidi, Vasa, ilitweka matanga bandarini Stockholm ikiwa na mizinga 64 na uzito mkubwa mno juu. Upepo kidogo tu uliilaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama kabla ya kumaliza hata maili moja ya safari yake ya kwanza.

Ya kwetu tunayajua kwa uchungu zaidi. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wakafa watu zaidi ya 800. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi kilichoruhusiwa. MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa watu 101, kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu kabisa kufika gati la Ukara, wakafa zaidi ya 200. Havikuponzwa na udogo. Kivuko kikijaa, kila anayehamia upande mmoja ili ashuke mapema anauhamisha uzito pamoja naye, na anayekaa ndani hana njia ya kujua kwamba mpaka umeshavukwa.

Vyombo vikubwa vina hatari nyingine ambayo mtumbwi hauijui sana: maji yanayotembea. Sakafu pana ya magari ikiingiwa na maji, hata ya kina kidogo, chombo kikiinama kidogo maji yote hukimbilia upande ule na kuzidi kukilaza. Ndivyo ilivyokuwa kwa Herald of Free Enterprise nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, mwaka 1987. Iliondoka milango ya mbele ikiwa wazi, ikalala ubavu kwa muda mfupi sana, wakafa watu 193.

Sasa litazame dau au mtumbwi. Ukipakia kupita kiasi unaona kwa macho yako: ukingo umebaki shubiri moja juu ya maji, na hata mtoto atakuuliza kwa nini. Ukijaa maji, mti hauachi kuwa mti. Mtumbwi mtupu wa mbao huelea hata ukiwa umejaa pomoni, unaushikilia, unafua maji, unarudi ndani. (Ukishaufunga mashine nzito na kasha la barafu hesabu hubadilika, kwa hiyo usilichukue hili kama ahadi.) Vidogo navyo huua watu kila mwaka, tena kwa makosa yanayofahamika: watu wengi kupita kiasi, kutovaa jaketi la kujiokolea, kwenda usiku bila taa, kutoka siku ambayo wazee wamesema hapatokeki. Ninachokitetea ni kwamba chombo kidogo hukuonyesha hatari yake mapema, nawe ukiwa bado na uamuzi mkononi.

"Ngalawa ina mirengu, haipinduki"

Inapinduka. Mirengu miwili, yaani vipande vya mti vinavyoelea ubavuni kila upande, huipa ngalawa upana ambao gogo lake halina, ndiyo maana inaweza kubeba tanga kubwa kuliko mtumbwi wa kawaida. Lakini mrengu wa upande wa chini ukizamishwa na kubaki chini, unageuka kuwa breki, na chombo huzunguka kuuzunguka. Kamba zinazofunga miti ya mirengu huliwa na jua na chumvi. Zikague kabla ya kutweka.

"Ni chombo cha asiye na uwezo"

Dhana hii inanikera kuliko zote, kwa sababu inaidharau akili iliyokitengeneza chombo chenyewe. Nenda pwani ya mashariki ya Unguja, Jambiani au Paje, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Bahari hapo hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji yakipwa, sehemu kubwa kati ya ufuko na mwamba hubaki mchanga, majani ya bahari na vidimbwi. Chombo chenye mkuku mrefu (mti wa chini kabisa wa chombo) huko hulala ubavu kikisubiri maji yajae, au hutiwa nanga mbali, na mwenyewe hukifuata kwa miguu. Ngalawa hutosheka na maji ya magotini. Inapita juu ya matumbawe, inaingia mlango wa mwamba, inarudi na samaki, kisha watu wachache wanaivuta hadi mchangani bila gati na bila winchi.

Hilo ni suluhisho lililochongwa kwa mazingira hayo hasa, na lina ukoo mrefu. Wataalamu wengi wanauhusisha mtindo wa mirengu na mabaharia waliotoka Asia ya Kusini Mashariki, watu wale wale waliofika Madagaska. Gogo lenyewe kwa kawaida lilikuwa la mwembe, mti mwepesi na rahisi kuchonga. Siku hizi miembe minene ni adimu, kwa hiyo ngalawa nyingi mpya huongezwa au huundwa kwa mbao. Boti za faiba nazo zimeenea, na zina faida yake, hasa kwa wanaokwenda mbali na mashine. Lakini mwenye boti ya faiba hutia petroli kila asubuhi, hata asubuhi asiyopata kitu. Pepo za umande na matlai hazina bei.

"Kikubwa ndicho chenye mbio"

Kwa chombo kizito kinachopasua maji, ndiyo, lakini faida ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chombo hutengeneza wimbi lake chenyewe, na kasi yake hubanwa na urefu wa wimbi hilo. Kanuni inayotumika ni kuchukua kipeuo cha pili cha urefu wa chombo majini kwa futi, ukazidisha kwa 1.34, ukapata maili za bahari kwa saa. Chombo cha futi 25 hupata 6.7. Ukitaka mara mbili ya hapo unahitaji futi 100, yaani urefu mara nne, na gharama itakayopanda zaidi ya mara nne. Ngalawa yenyewe haibanwi sana na kanuni hii, kwa kuwa tumbo lake ni jembamba mno na wimbi lake ni dogo. Upepo mzuri ukiipata kwa ubavu, huziacha mashua nzito nyuma.

"Kidogo hakiendi mbali"

Mwaka 1915 barafu ya Antaktika iliiponda meli ya mvumbuzi Ernest Shackleton, Endurance, yenye urefu wa mita 44. Mwaka uliofuata yeye na wenzake watano walivuka maili 800 hivi, kutoka kisiwa cha Elephant hadi Georgia Kusini, kwa mashua ya chini ya mita 7 iitwayo James Caird, katika bahari iliyo miongoni mwa chafu kuliko zote duniani. Wakafika. Simshauri mtu ajaribu.

"Hakihitaji ujuzi, ni cha watoto"

Kinahitaji ujuzi wote, tena bila msaidizi wa kukufichia makosa. Katika jahazi, kuihamisha foromali (mti unaobeba tanga) ili kubadili upande wa tanga ni kazi ya mikono mingi, na baharia mgeni anaweza kukaa msimu mzima akivuta kamba asiyoijua sababu yake. Katika dau, mtu mmoja ndiye nahodha na baharia: usukani mkono huu, demani, kamba ya kuliongoza tanga, mkono ule, na mwili wake ndio farumi. Ukichelewa kulegeza demani upepo unapokupiga ghafla, maji huingia papo hapo. Ukikaa mbele mno, omo, pua ya chombo, hutumbukia.

Nenda Lamu siku ya mashindano ya mashua ukaone ujuzi huo ukikomaa. Wanatoa ubao nje ya ubavu unaotazama upepo, baharia anakaa kwenye ncha yake juu ya maji, na magunia ya mchanga huhamishwa kila wanapopiga bisho, yaani wanapokwenda kwa kona kuukabili upepo. Ukubwa hausaidii kitu pale. Wanaoshinda ni wale wanaosoma upepo juu ya maji kabla haujafika kwenye tanga, na wengi wao walianza na vidau visivyotosha watu wawili.