Mzazi mwenye shughuli nyingi na malengo ya mazoezi: dhana potofu na ukweli

Wazazi wengi wanaotaka kuirudisha miili yao katika hali nzuri baada ya miaka ya kulea hujilaumu kwa uvivu, ilhali kinachowakwamisha mara nyingi ni namna walivyoliweka lengo lenyewe. Wamelipima kwa kilo, wakalitegemeza kwenye muda ambao hawana, na wakaliiga kutoka kwa watu wasioamshwa na mtoto usiku wa manane. Dhana zinazojadiliwa hapa hazina uzito sawa, kwa hiyo naanza na ile ninayoamini kwamba imewavunja moyo watu wengi zaidi.

"Lengo langu ni kupunguza kilo 10"

Lengo la kilo linavutia kwa sababu mizani hutoa jibu la namba. Tatizo ni kwamba uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili ndani ya siku chache kutokana na maji, chumvi, hedhi na chakula ambacho bado kipo tumboni, bila mafuta ya mwili kubadilika kwa kiasi cha maana. Mzazi aliyejitahidi kutembea wiki nzima, kisha Jumapili akapanda mizani na kukuta namba ileile, hudhani kwamba jasho lake limepotea bure, hata kama tayari anapanda ngazi bila kuhema na analala vizuri zaidi. Kilo ni matokeo, na matokeo hayamtii mtu moja kwa moja. Kinachomtii ni tendo.

Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham, waliochunguza suala la malengo kwa miongo kadhaa, walionyesha kwamba lengo mahususi lenye ugumu wa kiasi huzaa matokeo bora kuliko agizo la jumla la kujitahidi kadiri mtu awezavyo. Sehemu hiyo hunukuliwa sana. Inayosahaulika ni kwamba, katika jambo jipya na lenye mambo mengi ya kupangilia, lengo la kujifunza jinsi ya kulifanya linaweza kumfaa mtu kuliko lengo la matokeo. Kwa mzazi ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka mitatu au minne, jambo jipya si kutembea wala kukimbia, bali ni kuyaingiza mazoezi katika nyumba yenye watoto. Kwa hiyo lengo la wiki za mwanzo liwe kubaini ni saa ipi ya siku isiyovurugwa, ni zoezi gani linawezekana mtoto akiwa karibu, na ni nani anaweza kumwangalia. Baada ya kuyajua hayo ndipo lengo la kiwango lina mahali pa kusimama, kwa mfano kutembea kwa haraka nusu saa, siku nne kwa wiki.

"Nitaanza nikipata muda"

Muda wa mzazi hauji wenyewe. Ukibaki mtupu kwa dakika chache, hujazwa na vyombo, sare za shule au simu ya kazini. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer alieleza aina ya mpango unaolifunga tendo kwenye tukio: jambo fulani likitokea, nitafanya jambo fulani. Katika utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2002, asilimia 91 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliohamasishwa na pia kuandika siku, saa na mahali pa kufanyia mazoezi walitimiza azma yao katika wiki iliyofuata, ilhali katika makundi mengine, likiwemo lililopewa hamasa peke yake, hawakufika asilimia 40. Ni kweli kwamba wale walikuwa wanafunzi, na wiki moja ni muda mfupi, lakini somo lake kwa mzazi ni zito: kuhamasika hakutoshi.

Mpango unaofaa nyumbani huegemea jambo ambalo litatokea hata hivyo. Basi la shule likishamchukua mtoto, sitarudi ndani kabla ya kuzunguka mtaa kwa mwendo wa haraka kwa dakika 15. Watoto wakiwa madrasa au kwenye mafundisho siku ya Jumamosi, nitaruka kamba uani. Jioni nikirudi kazini, nitashuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya changu, maadamu njia ni salama. Panahitajika pia mpango wa akiba kwa siku mbaya: mtoto akiwa na homa, nitachuchumaa na kuinuka mara 10 huku maji yakichemka jikoni.

Hapa wenza wanapaswa kusemeshana waziwazi. Mama anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho hawezi kulifikia lengo lolote kwa nguvu ya nia, wakati hakuna anayempokea mtoto. Baba akimchukua mtoto kwa nusu saa siku tatu kwa wiki, naye akapewa nafasi yake siku nyingine, lengo linakuwa la nyumba nzima, na naamini hilo lina faida kuliko kulipia ukumbi wa mazoezi ambao hakuna atakayefika.

"Bila saa nzima ni kazi bure"

Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 yalitaka mazoezi ya kuimarisha moyo na pumzi yafanywe kwa vipindi visivyopungua dakika 10. Mapendekezo ya mwaka 2020 yaliliondoa sharti hilo. Mtu mzima anashauriwa kufikisha dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za nguvu ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za nguvu kubwa, na kuimarisha misuli siku mbili au zaidi, na vipande vifupi vinahesabiwa. Kudeki, kubeba ndoo za maji na kucheza mpira na watoto vimo, mradi pumzi iongezeke kiasi kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kazi za nyumbani, hata hivyo, mara nyingi haziifikii misuli yote, kwa hiyo pushapu za kuegemea ukuta na kuchuchumaa bado vinahitajika.

Vivyo hivyo, hatua 10,000 kwa siku zilianzia katika jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Kiwango hicho hakikutokana na utafiti wa kitabibu, na mzazi anayefikisha 6,000 hajashindwa.

"Tumbo litaisha kwa kulifunga na kujikunja"

Mkaja anaofungwa mzazi wa Pwani baada ya kujifungua unaweza kumpa mgongo na tumbo egemeo, jambo ambalo kina mama wengi hulifurahia, lakini hauyeyushi mafuta. Mazoezi ya tumbo nayo huimarisha misuli bila kuchagua mafuta ya mahali hapo. Baadhi ya wanawake misuli yao ya tumbo huachana wakati wa ujauzito, na kujikunja kwa nguvu mapema kunaweza kuzidisha mgandamizo mahali palepale. Wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza walishauri mwaka 2019 kwamba mama asianze kukimbia kabla ya wiki 12 tangu ajifungue. Aliyejifungua kwa upasuaji, anayevujwa na mkojo au anayehisi uzito ukeni apate kwanza ushauri wa daktari. Mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa ya anayenyonyesha.

"Siku 21 zinatosha kujenga mazoea"

Namba hii ilienezwa kutokana na maandishi ya mwaka 1960 ya Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeona wagonjwa wake wakichukua angalau siku 21 kuizoea sura mpya. Hakuwa akizungumzia mazoezi. Phillippa Lally na wenzake jijini London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, na wastani wa muda uliohitajika ulikuwa siku 66, wengine wakihitaji siku 18 tu na wengine wakikadiriwa kuhitaji hadi siku 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kwa kiasi cha maana ujenzi wa tabia hiyo. Wiki ikivurugwa na ugonjwa wa mtoto au mitihani ya shule, mzazi aendelee siku inayofuata kwenye ratiba yake kwa kiwango kilekile, bila kujilipisha siku alizozikosa.