Jasho kudondoka si mwili kupoa

"Wakenya wamezoea joto, watashinda tu." Husemwa kila mbio zinapopelekwa nchi ya jua kali, na wasemaji wengi hawajafika Iten, kitovu cha mazoezi ya wakimbiaji wa Kenya. Mji huo uko mita 2,400 hivi juu ya bahari, na alfajiri wakimbiaji hutoka wamevaa makoti. Mtu hazaliwi na uzoefu wa joto. Mwili huujenga kwa mazoezi ya joto ya wiki moja hadi mbili: majimaji ya damu huongezeka, jasho huwahi kutoka, na chumvi inayopotea nalo hupungua. Ukirudi kwenye baridi, uzoefu huo hufifia.

Wengine hudhani adui ni jua. Basi tazama Doha, Qatar, Septemba 2019. Marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza saa 5:59 usiku, jua limezama zamani. Hewa ilikuwa na nyuzi joto zaidi ya 30 na unyevunyevu uliopita asilimia 70. Walianza 68, wakamaliza 40. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2:32:43, ilhali Januari mwaka huohuo alikimbia Dubai kwa 2:17:08.

Sababu ni kwamba jasho linalodondoka chini halipozi chochote. Linalopoza ni lile linalokaukia kwenye ngozi na kuondoka na joto. Hewa ikishajaa mvuke, jasho halikauki, na misuli inaendelea kuzalisha joto.

Ndiyo maana wale wanaokimbia mchana na koti la nailoni "wakate kitambi" hunitia hofu. Wanachopoteza ni maji, si mafuta, na wakinywa, uzito unarudi. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa wakipunguza uzito kwa njia za namna hii.

Je, unywe maji kadiri uwezavyo? Hapana. Maji yakizidi, sodiamu (madini ya chumvi) katika damu hushuka, na hilo nalo huua. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu kwenye marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2002, asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka. Kwa wengi wetu kiu inatosha kuwa kipimo.

Hatari zaidi ni hili: "bado anatoka jasho, hajazidiwa." Mwanariadha anaweza kuloa jasho huku joto la ndani limepita nyuzi 40. Akianza kuweweseka au kupepesuka, mtumbukize kwenye maji ya barafu palepale, kichwa kikishikiliwa juu. Gari la hospitali liitwe, lakini apozwe kwanza ndipo asafirishwe.