Ukomo wa bafa kwenye kolibaki za libcurl

Chukua programu ndogo ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma angeweza kuiandika kwa lugha ya C: inapakua jedwali la bei za mahindi ya soko la Kibaigwa kutoka kwenye seva, kisha inawaonyesha wakulima. Kazi ya kupakua anaiachia libcurl, maktaba ya programu iliyoanzishwa na Daniel Stenberg wa Uswidi.

Libcurl haisubiri faili zima lifike. Kila inapopata data mtandaoni, inaita fankisheni (kipande cha programu chenye kazi yake maalumu) uliyoiandika wewe na kuikabidhi kipande kilichopo. Fankisheni hiyo, unayoiandika wewe ila anaiita mwingine, ndiyo kolibaki. Kabla ya kukabidhiwa, data hukaa kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kuihifadhi kwa muda. Kipande hakiwezi kuzidi ukomo uliowekwa, ambao kwa kawaida ni baiti 16,384, sawa na kilobaiti 16.

Wengi huisoma namba hiyo kama kipimo cha kila kipande. Sivyo. Ni kiwango cha juu tu. Kipande kinaweza kujaa mpaka hapo, kikawa na baiti 1,400, au moja. Faili likiwa tupu, kolibaki inaweza hata kuitwa bila kupewa baiti yoyote.

Sasa tuseme jedwali linaonyesha gunia ni shilingi 62000. Kipande kimoja kikiishia kwenye 62, na 000 zikaja na kinachofuata, programu inayochambua kila kipande peke yake itamwambia mkulima kuwa gunia ni shilingi 62. Haitaanguka wala kutoa ujumbe wa kosa. Itatoa tu bei ya uongo, na kwangu hilo ni baya kuliko programu kugoma kabisa. Tena ukiijaribu kwa faili fupi linalofika lote kwa mara moja, kila kitu kitaonekana sawa.

Kwa hiyo kazi ya kolibaki iwe kukusanya. Ongeza kila kipande kwenye kumbukumbu yako au kwenye faili, kisha uchambue upakuaji ukiisha, au angalau uishie kwenye mstari wa mwisho uliokamilika. Usitafute urefu kwa strlen, fankisheni ya C inayohesabu herufi mpaka ikutane na baiti ya sifuri, maana data haiji na baiti hiyo mwishoni. Urefu ni size mara nmemb, namba mbili ambazo kolibaki hupewa pamoja na data, na size siku zote ni 1. Rudisha idadi hiyohiyo uliyopokea. Ukirudisha pungufu, libcurl itachukulia kuwa umeshindwa kuandika na itakatiza upakuaji kwa kosa namba 23.

Ukubwa wa bafa hubadilishwa kwa chaguo la libcurl liitwalo CURLOPT_BUFFERSIZE, kuanzia baiti 1,024 hadi megabaiti 10. Kwenye matoleo ya zamani mwisho ulikuwa kilobaiti 512. Kuiongeza kunaweza kusaidia kasi kwenye mtandao mzuri, lakini hilo ni ombi tu: hata ukiweka megabaiti 10, vipande vidogo vitaendelea kuja, na ile 62000 bado inaweza kukatika.

Vichwa vya HTTP, yaani mistari ya maelezo ambayo seva huituma kabla ya data yenyewe, vina utaratibu wao. Kolibaki yao hupewa mstari mzima kwa kila kichwa, hivyo huko huhitaji kuunganisha vipande.